Mvinyo wa Amerika Kusini: kabla ya kuuliza ni zabibu gani, uliza maji yalitoka wapi

Mzabibu Mkongwe (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nauza mvinyo, na swali ninaloulizwa kuliko yote linahusu Malbec, zabibu nyekundu. Mteja anachukua chupa ya Mendoza, Argentina, anaipenda. Wiki inayofuata anachukua nyingine ya Mendoza hiyohiyo, zabibu ileile, mwaka uleule, halafu anarudi kulalamika kwamba siyo yenyewe. Ya kwanza ilikuwa nzito, nyeusi, imejaa plamu zilizoiva sana na vanila. Ya pili ni nyepesi, ina harufu ya maua na majani makavu, na uchachu wake unatoa mate. Anadhani kauziwa feki. Si feki. Zote ni halali, na sababu ya tofauti iko mlimani, ardhini na kiwandani. Nimeamua kuandika kwa urefu kwa sababu maelezo mengi ninayoyaona kwa Kiswahili yanaishia kwenye "hii inaendana na nyama choma", na mvinyo wa bara lile unastahili zaidi ya hapo.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kupinga apinge: Amerika Kusini isomwe kwa maji kwanza. Maji yanatoka wapi, yanaingia shambani lini, na udongo unayashikilia kwa muda gani. Jua, mwinuko, aina ya zabibu na pipa vyote vinafuata baada ya hapo.

Tuanze Mendoza, Argentina. Lile ni jangwa. Mvua ni kama milimita 200 kwa mwaka. Dodoma, ambako sisi wenyewe tunakuita kukame, kunapata zaidi ya mara mbili ya hiyo. Milima ya Andes inazuia unyevu wa Pasifiki. Mvua na theluji vinamalizikia huko juu na upande wa Chile, hewa inayoteremka upande wa Argentina inafika ikiwa imekauka kabisa. Ukitoka nje ya eneo la mifereji unakutana na vichaka vya jangwani tu. Na bado mkoa huo mmoja unatoa takribani asilimia 70 ya mvinyo wote wa Argentina.

Kinachowezesha ni theluji inayoyeyuka na kushuka kwa mito ya Mendoza, Tunuyán, Diamante na Atuel. Wahuarpe, wenyeji wa pale, walikuwa wakichimba mifereji kabla Wahispania hawajafika, na mji wa Mendoza hadi leo una mifereji inayopita kando ya barabara na kunywesha miti ya mtaani. Mwaka 1884 mkoa ulitunga sheria ya maji ambayo msingi wake bado unafanya kazi: haki ya maji imefungwa kwenye kipande cha ardhi, huwezi kuiuza ukabaki na shamba. Kwa hiyo ukisikia mtu ana hekta nyingi Mendoza, swali linalofuata ni ngapi kati ya hizo zina maji.

Ukame huo una faida ambayo mkulima wa zabibu yeyote ataielewa haraka. Magonjwa ya ukungu yanapungua sana, dawa zinapungua, na zabibu inaweza kuachwa mtini hadi iive vizuri bila hofu ya kuoza. Zaidi ya hayo, anayeamua mzabibu unywe lini ni mtu. Kule Bordeaux, Ufaransa, mvua inaamua. Mendoza anaamua mwenye zamu ya mfereji.

Hatari zipo. Mvua ya mawe inaweza kufuta mavuno ya shamba zima kwa dakika chache, ndiyo maana mashamba mengi yamefunikwa nyavu nyeusi. Upo upepo wa Zonda, unaoshuka kutoka Andes ukiwa wa moto na mkavu. Ukivuma wakati wa maua, vichala vinabaki na tembe (punje za zabibu) chache. Na baridi ya kugandisha ya majira ya kuchipua inaunguza machipukizi.

Nitaendelea na mwinuko. Karibuni kwa maswali.

---

Swali Moja

Nimeweka kiti hapa mkuu. Ila nieleweshe kwanza, Malbec si zabibu ya Ufaransa? Ilikuwaje leo kila mtu aijue kwa Argentina?

---

Mzabibu Mkongwe

Ni ya Ufaransa, kusini magharibi, nyumbani kwake Cahors. Iliingia Mendoza kupitia Michel Aimé Pouget, mtaalamu wa kilimo Mfaransa aliyeletwa na juhudi za Domingo Faustino Sarmiento, yule ambaye baadaye alikuwa Rais wa Argentina. Tarehe 17 Aprili 1853 ndiyo ulipowasilishwa mswada wa kuanzisha shule na kitalu cha kilimo Mendoza, na ndiyo maana Siku ya Malbec Duniani huadhimishwa tarehe hiyo.

Huko kwao mambo yaliharibika. Filoksera, mdudu anayekula mizizi, aliteketeza mashamba ya Ulaya mwishoni mwa karne ya 19. Halafu Februari 1956 baridi kali iliua mizabibu mingi ya Cahors. Argentina wakati huo ilikuwa na Malbec ya kutosha, iliyotokana na vipando vya kabla ya janga lile.

Lakini hata wao nusura waipoteze. Miaka ya 1960 walikuwa na zaidi ya hekta 50,000 za Malbec. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilibaki kama 10,000, kwa sababu soko la ndani lilikuwa la mvinyo wa bei ya chini kwa wingi, na wakulima waling'oa Malbec wakapanda zabibu za kuzaa sana. Mizabibu mikongwe iliyonusurika Luján de Cuyo na Maipú ilinusurika kwa sababu kuna familia ziligoma kuing'oa. Watu hao hawatajwi kwenye lebo, na mimi naona ndio walioiokoa nchi.

---

Kerubo

Asante sana kwa hii. Hapa Nairobi chupa za Chile na Argentina ziko kila supamaketi na sisi tunanunua kwa bei tu. Hiyo habari ya mwinuko inaandikwa kwenye lebo, mita 1,200, mita 1,400. Ni kweli ina maana ama ni ya kuuza tu?

---

Mzabibu Mkongwe

Dada Kerubo, ina maana kubwa, ila si kila anayeiandika ana cha kuonyesha.

Kila ukipanda mita 100 joto linapungua kwa takribani nyuzi 0.6. Mashamba ya zamani ya Mendoza mashariki yako kwenye mita 600 na kitu. Luján de Cuyo ni kama 900 hadi 1,000. Bonde la Uco, kusini magharibi ya mji, linaanzia kama 900 na kupanda hadi 1,500 na ushee. Kwa hesabu hiyo, ndani ya mkoa mmoja una tofauti ya joto ambayo Ulaya ungeipata kwa kusafiri kutoka nchi moja hadi nyingine.

Lakini wastani wa joto haumalizi maneno. Muhimu ni usiku. Mchana zabibu inapokea jua na kutengeneza sukari. Usiku tembe inaendelea kupumua, na moja ya vitu inavyochoma ni asidi ya maliki, ile inayoleta uchachu wa tufaha bichi. Usiku ukiwa wa joto, asidi inateketea haraka. Zabibu inafika kwenye mavuno ikiwa na sukari nyingi na uchachu mdogo, na mvinyo unakuwa mzito, umelala. Usiku ukiwa baridi, asidi inabaki. Bonde la Uco tofauti ya mchana na usiku huweza kufika nyuzi 15 hadi 20. Ndiyo maana Malbec ya huko ina pombe ya kutosha na bado inachangamka mdomoni. Hilo ndilo jibu la nusu ya malalamiko ya mteja wangu.

Kitu cha pili huko juu ni mionzi. Hewa ni nyembamba, mionzi ya urujuanimno ni mikali, na zabibu inajikinga kwa kuongeza rangi na tanini (ile inayokausha mdomo) kwenye ganda. Familia ya Catena, wenye kiwanda cha mvinyo Mendoza, ambayo binti yao Laura Catena ni daktari wa tiba na ndiye aliyeanzisha taasisi yao ya utafiti, imechunguza hili kwa miaka mingi. Baba yake, Nicolás Catena, mwaka 1992 alianza kupanda shamba la Adrianna, Gualtallary, ndani ya Bonde la Uco, karibu mita 1,450. Wakati huo wengi waliamini zabibu nyekundu haziwezi kuiva pale kwa baridi. Leo Gualtallary ni kati ya maeneo yenye thamani kubwa Argentina.

Ukitaka kuona mwisho wa mambo, nenda kaskazini, mkoa wa Salta. Cafayate iko kama mita 1,700, na kiwanda cha Colomé kina shamba linaloitwa Altura Máxima kwenye mita 3,111. Huko latitudo peke yake ingesema ni nchi ya joto, karibu na tropiki. Mwinuko ndio unaoifanya iwezekane. Na huko ndiko ilikotulia Torrontés, zabibu nyeupe ya Argentina yenyewe, mtoto wa Muscat of Alexandria na ile zabibu ya wamisionari ambayo Chile wanaiita País. Harufu yake ni waridi na maganda ya chungwa. Ukinusa unategemea utamu, ukionja ni mkavu kabisa. Mteja anayeogopa mvinyo mweupe mimi humwanzishia hiyo.

---

Mwanajiolojia

Mkuu, uzi mzuri na nakubaliana na mengi. Ila nina tatizo na sehemu ya udongo, najua unakuja huko. Watu wa mvinyo wanapenda kusema "unasikia chokaa", "unasikia mawe ya mto". Kisayansi mzizi haunyonyi jiwe. Unachukua ayoni (chembe za madini) zilizoyeyuka kwenye maji kwa kiwango kidogo sana, na nyingi hazina ladha kwa kiwango hicho. Naomba usituingize huko.

---

Mzabibu Mkongwe

Karibu sana mkuu, na uko sahihi. Chokaa haipandi kutoka shambani ikaingia kwenye glasi. Lakini udongo unabadilisha mvinyo kweli, na njia kuu unayopitia ni ileile niliyoanza nayo: maji.

Chukua Paraje Altamira, kusini mwa Bonde la Uco. Mto Tunuyán ulipotoka mlimani ulimwaga mawe, mchanga na tope kwa maelfu ya miaka, ukihama huku na huku, ukatengeneza tandazo kubwa la mashapo lenye umbo la upepeo. Mto hautandazi vitu sawasawa. Sehemu moja umeacha mawe makubwa, hatua chache pembeni umeacha tope laini lenye kina cha zaidi ya mita. Kutoka juu huoni chochote; mstari wa mizabibu umenyooka na majani yanafanana. Ndiyo maana siku hizi wanachimba mashimo shambani, ya kina kinachomzidi mtu, na kuingia ndani kutazama mizizi. Mchile Pedro Parra amejenga jina lake kwa kazi hiyo ya mashimo.

Ndani ya shimo hali inakuwa hivi. Upande wenye mawe, udongo laini unaishia labda sentimita 40, kisha ni mawe ya mviringo yaliyopakwa ukoko mweupe wa kalisi kaboneti (chokaa), na mizizi myembamba imejibana kuyazunguka. Maji ya mfereji au matone yanapita haraka, na mzabibu unaonja kiu mapema. Ukipata kiu kiasi wakati zabibu zinaanza kubadili rangi, unaacha kurefusha matawi na kupeleka nguvu kwenye tunda. Tembe zinabaki ndogo, na tembe ndogo ina ganda jingi kwa ujazo wa juisi, kwa hiyo rangi na tanini zinakolea. Upande wenye tope refu, maji yanakaa. Matawi yanaendelea kukua, majani yanafunika vichala, tembe zinavimba, na ule ubichi wa majani hauishi.

Zamani mistari yote hiyo ilivunwa siku moja na kuingia tangi moja. Siku hizi wanaotaka ubora wanavuna mawe peke yake na tope peke yake. Kwenye shamba lile la Adrianna kuna Chardonnay (mvinyo mweupe) mbili zinazouzwa kwa majina tofauti, White Stones na White Bones, kutoka mistari ya shamba hilohilo moja. Ya kwanza inatoka penye mawe ya mviringo yenye ukoko wa chokaa, ya pili penye matabaka ya chokaa na mabaki ya mifupa ya wanyama wa kale. Zabibu ni ileile, mwinuko uleule, mtengenezaji yuleyule.

Niongeze tahadhari: usitoke hapa na kanuni kwamba udongo maskini ndio bora daima. Nikifika Carmenère, zabibu nyekundu ya Chile, mtaona.

---

Mwanajiolojia

Maelezo hayo nayakubali kabisa. Maji na uwiano wa ganda, si ladha ya jiwe. Endelea mkuu.

---

Kerubo

Sasa Chile nayo? Ramani inaonyesha wako upande ule mwingine wa mlima tu, ni karibu sana na Mendoza.

---

Mzabibu Mkongwe

Karibu kwa ndege, mbali kwa kila kitu kingine. Argentina baridi inaletwa na mlima. Chile inaletwa na mlima upande mmoja na bahari upande wa pili, na bahari ile ni baridi kweli, kwa sababu ya mkondo wa Humboldt unaopanda kutoka kusini kupita pwani yote.

Nchi ina urefu wa zaidi ya kilomita 4,000, na watu huzoea kuisoma kutoka kaskazini kwenda kusini. Kwa mvinyo, isome kutoka baharini kwenda mlimani. Serikali yenyewe ilikubali hilo: tangu miaka ya 2010 lebo inaruhusiwa kuandika Costa kwa pwani, Entre Cordilleras kwa katikati, na Andes kwa miguuni mwa milima. Dada Kerubo, ukiwa supamaketi tafuta maneno hayo, yana msaada kuliko medali za dhahabu.

Mfano mzuri ni Casablanca, kati ya Santiago na Valparaíso. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakukuwa na habari za mvinyo wa maana pale. Pablo Morandé alipanda 1982, watu wakishangaa, kwa sababu pana baridi ya kugandisha na ukungu wa asubuhi unaochelewesha jua. Lakini ukungu huo ndio alioutaka. Jua linatokea asubuhi ikiwa imesogea, mchana upepo wa baharini unaingia, na zabibu inachukua muda mrefu kuiva. Sauvignon Blanc na Chardonnay za Chile zikapata sifa na hadhi mpya kutokana na bonde hilo. Kaskazini zaidi, Limarí, mvua karibu hakuna, ukungu wa pwani upo na chini kuna chokaa. Chardonnay yake ina ukali safi ambao mimi binafsi naupenda kuliko wa Casablanca.

Kisha hadithi ya Carmenère. Zabibu hii ya Bordeaux iliingia Chile katikati ya karne ya 19 pamoja na vipando vingine vya Ufaransa. Kwao ikapotea karibu yote baada ya filoksera. Chile filoksera haikuwahi kuingia: jangwa la Atacama kaskazini, Andes mashariki, bahari magharibi, barafu kusini, na baadaye karantini kali. Mizabibu mingi ya Chile hadi leo imesimama juu ya mizizi yake yenyewe. Lakini Carmenère ilipandwa ikichanganyika na Merlot, na watu wakaita yote Merlot. Tarehe 24 Novemba 1994 Mfaransa Jean-Michel Boursiquot akiwa kwenye shamba la Viña Carmen, bonde la Maipo, alitazama maua akaona stameni (sehemu za kiume za ua) zimejikunja, jambo ambalo Merlot haina. Akawaambia wenyeji wake kwamba hii ni Carmenère.

Kwa mnywaji maana yake ni hii. Carmenère inaiva wiki kadhaa baada ya Merlot. Miaka yote hiyo walikuwa wanavuna zote siku moja. Carmenère ikivunwa mapema imejaa pirazini, kemikali ileile inayoipa pilipili hoho harufu yake. "Merlot ya Chile" ya zamani iliyonuka hoho ilikuwa hiyo. Walipozitenganisha na kuiacha Carmenère mtini hadi Aprili, hata Mei, ikatoka zabibu nyingine: kakao, beri nyeusi, na hoho kidogo tu kwa mbali.

Na hapa ndipo kanuni ya udongo maskini inapovunjika. Carmenère haipendi kiu ya mapema, kwa sababu msimu wake ni mrefu. Peumo, bonde la Cachapoal, kuna udongo mzito wa mfinyanzi karibu na mto unaohifadhi maji, na ndiko inakotoka baadhi ya Carmenère bora kabisa za nchi. Ukiipanda kwenye changarawe za Puente Alto, ambako Cabernet Sauvignon inafanya maajabu, itakauka majani kabla haijaiva.

---

Mama Neema

Nilisoma mahali kwamba Chile wana ukame wa miaka mingi. Hayo maji unayoyasema wanayapata wapi sasa?

---

Mzabibu Mkongwe

Mama, umegusa penye kidonda. Tangu 2010 Chile ya kati imekuwa na ukame wa mfululizo ambao wanasayansi wao wanauita ukame mkuu. Theluji imepungua, na mabwawa ya kaskazini yameteremka sana.

Na sheria zao zinatofautiana na za Mendoza kabisa. Kanuni ya Maji ya Chile ya 1981 ilitenganisha maji na ardhi. Haki ya maji ikawa mali inayonunuliwa na kuuzwa peke yake. Mkulima mdogo anaweza kubaki na shamba lisilo na maji huku jirani mwenye mtaji akiwa nayo. Waliirekebisha 2022, ila haki za zamani hazifutiki kirahisi. Mimi siwezi kuzungumzia ladha ya mvinyo wa Chile nikaacha hilo, kwa sababu nani ana maji ndiyo inaamua mizabibu ya nani itabaki.

Kusini, Maule, Itata na Bío-Bío, kuna wakulima wadogo wasiomwagilia kabisa. Mizabibu ya País, mingine ina zaidi ya miaka 100, imesimama kama vichaka kwenye vilima vya granaiti iliyolainika, na inaishi kwa mvua za baridi tu. Carignan, zabibu nyingine nyekundu, nayo ilipandwa huko kwa wingi baada ya tetemeko la Chillán la 1939, serikali ilipotaka kuinua eneo. Kwa miongo mingi zabibu hizo zilinunuliwa kwa bei ya kutupa na kuchanganywa kwenye mvinyo wa maboksi. Sasa kizazi kipya kinazitengeneza zenyewe, wengine kwenye mitungi ya udongo na mapipa makuukuu ya mti wa raulí, na mvinyo wake ni mwepesi, una mchangamko, unanywewa ukiwa umepozwa kidogo. Moto wa 2017 na ule wa 2023 uliunguza mashamba huko. Mzabibu wa umri ule ukiungua hakuna kitalu cha kukuuzia mwingine. Ukikuta chupa ya País ya Itata, nunua.

---

Fundi Pipa

Mkuu umesema mlima, bahari, udongo, ila mtengenezaji umemsahau. Mimi wateja wangu wanataka ile nzito yenye mwaloni, hiyo nyepesi hawaitaki. Je, ile si ubora?

---

Mzabibu Mkongwe

Sijamsahau, nilikuwa namjia. Na mteja wako hana kosa, anapenda anachopenda.

Hadi miaka ya 1970 mvinyo mwingi wa bara lile ulikaa kwenye mapipa makubwa ya mbao kuukuu kwa miaka na kutoka umechoka, rangi ya kahawia. Miguel Torres, mtengenezaji mvinyo wa Catalonia, Hispania, aliponunua shamba Curicó, Chile, 1979, alileta matangi ya chuma cha pua yanayopozwa. Joto la uchachushaji likaanza kudhibitiwa, na harufu ya tunda ikabaki. Hilo peke yake lilikuwa mapinduzi. Miaka ya 1990 ikaja zamu ya kuuza nje. Washauri kutoka Bordeaux, Michel Rolland akiwa maarufu zaidi Argentina, walifundisha kupunguza mazao, kusubiri zabibu iive sana, na kutumia mapipa mapya ya mwaloni ya lita 225. Dunia ikaipenda Malbec kwa mtindo huo. Hatuwezi kuubeza, ndio uliolipa gharama za kupanda milimani.

Lakini pipa jipya lina ladha yake: vanila, karafuu, kahawa iliyokaangwa. Zabibu iliyoiva kupita kiasi nayo ina ladha moja popote duniani. Ukiweka viwili hivyo pamoja, Altamira na Gualtallary zinakuwa kitu kimoja, na yale mawe yote niliyoyaeleza yanakuwa kazi bure. Hata asidi, kwa zabibu iliyochelewa sana, inabidi irudishwe kiwandani kwa kuongeza asidi ya tartariki. Ni halali, ila mdomo uliozoea unaitambua.

Ndiyo maana mtengenezaji Sebastián Zuccardi kule Altamira alijenga kiwanda cha matangi ya zege yasiyopakwa kitu ndani. Zege linaingiza hewa kidogo bila kuongeza ladha ya mbao. Wenzake wanavuna wiki moja au mbili mapema kuliko walivyozoea, wanachachusha na sehemu ya vikonyo, wanatumia mapipa makubwa ya zamani. Mteja wangu wa mwanzo wa uzi alikutana na shule hizi mbili ndani ya wiki moja bila kujua. Mimi shule yangu ni hii ya pili, nasema wazi. Mtu amehangaika kupeleka maji mita 1,400 juu, basi aniache nionje mahali hapo.

---

Swali Moja

Uruguay na Brazil umezitaja kwenye PM (ujumbe binafsi) tu, ziweke na hapa wengine wafaidi.

---

Mzabibu Mkongwe

Uruguay kwa kifupi: hakuna mlima, ni Atlantiki. Mvua inapita milimita 1,000 kwa mwaka, Canelones udongo ni mfinyanzi, na tatizo lao ni maji kuwa mengi. Ndiyo maana zabibu nyekundu ya Tannat imewafaa, ganda lake nene linastahimili kuoza. Aliieneza Mbasque Pascual Harriague huko Salto miaka ya 1870. Kazi ya mtengenezaji pale ni kulainisha tanini; mbinu ya kupitisha vipovu vidogo vya oksijeni kwenye tangi ilibuniwa Madiran, Ufaransa, nyumbani kwa Tannat, na Patrick Ducournau. Mashamba mapya ya Garzón, Maldonado, yamepanda kwenye granaiti iliyooza inayopitisha maji haraka, na Tannat yake haihitaji kubembelezwa sana.

Brazil, Serra Gaúcha, wahamiaji wa Kiitalia walianza kufika 1875. Mvua nyingi, zabibu zinavunwa mapema zikiwa na uchachu, na kwa hiyo mvinyo wao wa povu ni mzuri sana. Lakini Brazil inayotuhusu sisi ni nyingine.

---

Hombolo Shambani

Mkuu nimesoma kimya tangu juu. Mimi ni mkulima wa zabibu huku Dodoma. Sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kila nikisoma habari za mvinyo naona baridi, theluji, misimu minne. Kuna mtu huko Amerika Kusini analima kama sisi?

---

Mzabibu Mkongwe

Wapo kaka, na nilikuwa nasubiri mtu wa Dodoma aingie. Bonde la São Francisco, kaskazini mashariki ya Brazil, Petrolina na Juazeiro. Latitudo yao ni nyuzi 8 hadi 9 kusini, Dodoma ni 6. Nusu jangwa, jua mwaka mzima, maji ya mto mkubwa uliozibwa kwa bwawa la Sobradinho. Wanavuna mara mbili kwa mwaka, na kwa kuwa kila shamba lina ratiba yake, kiwanda kinaweza kupokea zabibu karibu kila mwezi.

Mzabibu kule haulali kwa sababu ya baridi, unalazwa. Baada ya mavuno wanapunguza maji kwa wiki kadhaa, majani yanachoka, mti unapumzika na kujaza akiba. Kisha wanapogoa, wanapaka dawa ya kuamsha macho, wanafungua maji. Kutoka kupogoa hadi kuvuna ni kama miezi minne. Tatizo lao ni usiku: wako chini, kama mita 350 hadi 400, joto haliondoki, asidi inateketea. Wewe uko karibu mita 1,100. Hapo umewazidi.

Na kuna somo la pili, la Minas Gerais, jimbo jingine la Brazil. Kule mvua zinanyesha kiangazi chao wakati zabibu zingekuwa zinaiva, zinaoza. Mtafiti Murillo de Albuquerque Regina akaleta upogoaji wa mara mbili: wanapogoa Agosti na kutoa vichala vyote vya mzunguko huo, wanapogoa tena Januari, na zabibu zinaiva Juni hadi Agosti, kukavu, mchana jua, usiku baridi. Syrah (zabibu nyekundu) ya njia hiyo imewashangaza wengi.

---

Hombolo Shambani

Sasa hapo umenigusa. Sisi mvua zetu zinaisha Aprili. Juni na Julai usiku huku unavaa koti. Ila zabibu za kipindi hicho tunauza bei ileile na zile za masika, mnunuzi anapima kilo tu.

---

Mzabibu Mkongwe

Kaka, basi fanya hivi msimu huu, kama una Syrah au Makutupora. Mstari mmoja wa mavuno ya kiangazi, punguza vichala, na tembe zikianza kubadili rangi punguza maji, usiyakate kabisa. Tazama ncha za matawi, zikisimama kukua bila majani ya chini kunyauka uko pazuri. Kipimo cha sukari cha mkononi si ghali, na uchachu kuna maabara zinapima. Andika vipimo vya mstari huo, na vya zabibu za masika pia, uvilete hapa. Mnunuzi anayepima kilo tu hatabadilika kwa maneno, lakini kuna watengenezaji wadogo wanaotafuta zabibu yenye asidi na wako tayari kuzungumza bei.

---

Hombolo Shambani

Nina Syrah mistari minne upande wa changarawe na mingine kwenye udongo mweusi. Nitapogoa ya changarawe kwanza. Nitaleta vipimo.

---

Mwanajiolojia

Kaka Hombolo, nikipita Dodoma nakuja na jembe. Chimba shimo moja kila upande kabla hujapogoa, tuone mizizi imefika wapi.